Mfalme Alipojibiwa "Hapana": Tafakari kwa Kijana Anayesubiri Barua ya Chuo



Vijana wenzangu, nawasalimu kutoka Wete, kisiwani Pemba. Leo Jumatano, tarehe 19 Machi 2025, Mama Kanisa anaadhimisha Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, Mume wa Bikira Maria. Kwa sisi wa Jimbo la Zanzibar hii ni sikukuu ya nyumbani kabisa, maana kanisa kuu letu pale Mji Mkongwe, lile ambalo watu wote wanaliita Minara Miwili, lina jina lake. Tuko ndani ya Kwaresima, majirani zetu Waislamu wako ndani ya Ramadhani, na Kanisa zima liko katika Mwaka wa Jubilei, tukiwa mahujaji wa matumaini. Tuendelee pia kumwombea Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye yupo hospitalini Roma tangu tarehe 14 Februari.

Masomo ya leo: 2 Sam 7:4-5, 12-14, 16, Zab 89, Rum 4:13, 16-18, 22, Mt 1:16, 18-21, 24.

Napenda tutafakari pamoja jambo ambalo vijana wengi tunalipitia kimyakimya: kusubiri jibu. Wapo wanaosubiri ajira, wapo wanaosubiri mkopo, wapo wanaosubiri kukubaliwa seminarini au utawani. Mimi nasubiri chuo. Ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Wete, na kati ya Desemba na Januari nilituma maombi sita ya kusoma shahada ya uzamivu, yaani PhD, katika historia: manne Marekani, moja Uingereza na moja hapahapa Tanzania. Hadi leo vyuo vitatu vimenikatalia, kimoja kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri, na viwili viko kimya.

Kwa hiyo huu si ushuhuda wa mtu aliyekwisha pata. Sina picha ya kuwaonyesha nikiwa uwanja wa ndege na pasipoti mkononi. Shuhuda nyingi huandikwa baada ya jibu kuja, na yule ambaye bado anasubiri anabaki peke yake na simu yake. Leo nawaandikia nikiwa bado humo ndani.

Kusubiri kwenyewe kukoje

Kwa ambao hamjapita njia hii, nieleze kidogo. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya PhD mwezi Desemba. Unatakiwa kuandika tamko la dhamira linaloeleza unataka kutafiti nini na kwa nini, unaambatanisha maandishi yako ya kitaaluma ya kurasa ishirini na zaidi, unatafuta walimu watatu wa kukuandikia barua, na mara nyingi unafanya mtihani wa Kiingereza. Ada ya maombi kwa chuo kimoja huweza kufika dola 75 hadi 125. (Kama huna, usikate tamaa: vyuo vingi vina utaratibu wa kumsamehe ada mwombaji anayeandika mapema na kueleza hali yake. Uliza tu, si aibu.) Ukipokelewa, mara nyingi ada yote inalipwa na unapewa posho ya kuishi kwa miaka mitano hivi, ndiyo maana nafasi ni chache sana. Idara nzima inaweza kuchukua watu wachache tu kwa mwaka, na mkono mmoja unatosha kuwahesabu wale wa historia ya Afrika.

Majibu huanza kutoka Februari na Machi. Tarehe ya mwisho ambayo vyuo vingi vimekubaliana, ili mwanafunzi aamue kama anapokea ufadhili au anaacha, ni 15 Aprili. Nimeangalia kalenda: mwaka huu hiyo ni Jumanne ya Juma Kuu. Aliye kwenye orodha ya kusubiri, kama mimi, anasubiri wengine waseme hapana ili yeye aambiwe ndiyo.

Halafu kuna suala la saa. Tangu wenzetu wa pwani ya mashariki ya Marekani waliposogeza saa zao tarehe 9 mwezi huu, tofauti yetu nao ni saa saba. Barua pepe inayotumwa huko saa kumi jioni, hapa Wete inaingia saa tano usiku. Umeshasali sala ya usiku, taa umezima, simu inaita kidogo tu: ting! Jamani, moyo unavyoruka, anayejua anajua. Unafungua, kumbe ni tangazo la bando.

Kwa nini historia, na kwa nini Pemba

Kuna watu wameniuliza kwa upole, na wengine si kwa upole sana: "Mwalimu, PhD ya historia itakusaidia nini? Si ungesoma mambo ya mafuta, au kompyuta?" Ni swali halali. Najibu hivi.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliivunja mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo karafuu ya Zanzibar ikawa hasa karafuu ya Pemba, na watumwa wengi wakaletwa kuifanyia kazi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Swali langu ni dogo: baada ya 1897, watu hao waliishi vipi? Walipata wapi ardhi? Walioana na nani? Walijiita nani?

Nasema "walijiita nani" kwa sababu jina ni jambo zito. Mtumwa alipewa jina na aliyemnunua, na jina alilopewa na mama yake likapotea njiani. Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudani, ambaye tulimkumbuka tarehe 8 Februari, alitekwa akiwa mtoto na hakuweza tena kulikumbuka jina lake la kwanza. Hilo la Bakhita alipewa na waliomteka. Nami nataka kutumia miaka yangu kutafuta majina ya watu wa aina hiyo katika karatasi kuukuu na vinywani mwa wazee. Naamini huo ni wito. Sasa ubaya wa kusubiri ni huu: unaanza kufikiri kwamba wito wako umeshikiliwa na watu saba waliokaa mezani katika mji ambao hujawahi kuufika.

Hapo ndipo Neno la Mungu la leo linapoingia.

Daudi na jibu la "hapana"

Somo la kwanza tunalisikia limekatwa katikati, kwa hiyo rudi nyumbani ulisome tangu mwanzo wa sura ya saba. Mfalme Daudi ametulia, ana nyumba nzuri ya mierezi, na anaona aibu kwamba Sanduku la Agano liko hemani. Anataka kumjengea Mungu nyumba. Anamwambia nabii Nathani, na Nathani anamjibu palepale kwamba aendelee, Mungu yuko pamoja naye. Usiku uleule Neno la Bwana linamjia Nathani: kamwambie Daudi, si yeye atakayenijengea, ni mwanawe.

Tusipite haraka hapo. Nia ya Daudi ilikuwa njema. Haombi utajiri, haombi adui zake wafe. Anataka kumfanyia Mungu kitu kizuri, na mtumishi wa Mungu mwenyewe amekwisha mtia moyo. Bado jibu ni hapana. Vijana, kuna mahubiri siku hizi yanayotuambia kwamba ukiomba kwa imani ya kutosha lazima upokee, na usipopokea basi imani yako ina tundu. Tunayaandika hata kwenye status zetu: "Mwaka huu ni wa kupokea!" Liweke fundisho hilo mbele ya Daudi uone kama linasimama. Imani yake ilikuwa na tundu gani pale?

Ni kweli Mungu alimpa Daudi ahadi kubwa, kwamba ufalme wa uzao wake utadumu, na sisi tunajua ahadi hiyo ilitimia katika Kristo. Lakini hekalu lenyewe hakulipata. Alikufa hajaliona. Kwa hiyo mimi sitakuambia kwamba chuo kilichokukatalia kimekupisha uende kwenye chuo kikubwa zaidi. Inaweza kuwa hivyo, inaweza isiwe. Kumfariji mtu kwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa ni kumkopesha pesa bandia: siku ya kwenda dukani ataumia mara mbili.

Na jambo jingine. Daudi aliletewa jibu na nabii. Wewe na mimi tunaletewa jibu na kamati. Kamati ya udahili si Nathani. Barua yao haitoki mbinguni. Inatoka kwenye hesabu za nafasi na fedha, na wakati mwingine profesa uliyetaka akusimamie yuko likizo au anastaafu. Mfano mzuri ni Chuo Kikuu cha Boston: Novemba 2024 kilitangaza kwamba kwa mwaka wa masomo 2025/26 hakitapokea wanafunzi wapya wa PhD katika idara kadhaa, historia ikiwemo. Na kuanzia mwezi uliopita, baada ya serikali ya Marekani kukata fedha za utafiti, vyuo kadhaa vimepunguza idadi ya wanaopokelewa. Kijana aliyepanga kuomba huko amefungiwa mlango kabla hajaandika hata jina lake. Utasema Mungu amemkataa? Utasema hana akili? Hapana. Kamati inapima mradi na bajeti yake, haipimi mtu. Jina lako lilitajwa siku ya ubatizo wako, na hakuna barua pepe inayoweza kulifuta.

Akakusanya mawe

Sasa twende kwenye sehemu ambayo mimi imenisaidia kuliko zote. Haimo katika somo la leo. Imo katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 22. Daudi, akijua wazi kwamba si yeye atakayejenga, anafanya nini? Anakusanya vifaa. Anawaweka wachonga mawe kazini. Anaandaa chuma cha misumari ya milango, shaba isiyopimika, na mierezi isiyo na idadi. Yote hayo kwa ajili ya jengo ambalo yeye hataingia.

Angeweza kususa. Angeweza kusema, "Kama si mimi, basi hekalu lisijengwe." Alichokatazwa ni kujenga, hakukatazwa kukusanya mawe. Akafanya ile sehemu iliyobaki wazi mkononi mwake.

Ndugu yangu, wito wako una sehemu ambayo hakuna kamati inayoweza kuifunga. Itafute. Kwangu mimi ni wazee. Siku za Jumamosi naenda kukaa na wazee wa huku kwetu, naomba ruhusa, wananisimulia habari za mashamba ya karafuu, za babu zao, za nani alihamia wapi na kwa nini. Naandika kwenye daftari, na kabla ya kuondoka namsomea mzee nilichoandika ili anisahihishe. Wengine wana miaka zaidi ya themanini. Wazee hawa hawasubiri barua yangu. Nikisema nitaanza nikishapata PhD, nitarudi baada ya miaka sita nikute makaburi. Kama chuo kitanipokea, madaftari haya nitakwenda nayo. Kama hakitanipokea, mtu mwingine atayakuta, na majina yatakuwemo.

Wala si jambo geni katika fani hii. Mwezi Januari mwaka huu alifariki Profesa Bethwell Ogot wa Kenya, mmoja wa waliotufungulia njia. Alipoanza utafiti wake, wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wakisema Afrika haina historia kwa kuwa haina maandishi. Profesa mmoja mashuhuri wa Oxford alilisema hilo hadharani mwaka 1963. Ogot akakusanya masimulizi ya wazee wa Kijaluo, akapata PhD London mwaka 1965, na baadaye akawa mhariri wa juzuu ya tano ya Historia ya Jumla ya Afrika ya UNESCO. Kwetu Tanzania, Profesa Isaria Kimambo alifanya hivyo kwa Wapare, akapata PhD Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967, kisha akarudi kufundisha Dar es Salaam. Mawe yao ya kwanza waliyaokota nyumbani.

Ibrahimu: kutumaini bila ushahidi

Somo la pili linatuletea Ibrahimu, baba yetu katika imani, ambaye hata majirani zetu wanamheshimu mno. Mtume Paulo anatuambia kwamba alitumaini pale ambapo kibinadamu hapakuwa na cha kutumaini. Sisi wanafunzi wa historia hapo tunapata shida, maana tumezoeshwa kudai ushahidi. Ushahidi uko wapi kwamba Sara atazaa? Haupo. Kilichopo ni aliyeahidi.

Tofautisha mambo mawili: kutarajia na kutumaini. Natarajia barua nzuri. Matarajio hayo yanaweza kuvunjika saa tano usiku wa leo. Namtumaini Mungu, tumaini hilo halina tarehe ya mwisho ya tarehe 15 Aprili. Anayechanganya hivi viwili, siku matarajio yakivunjika anadhani na imani imevunjika. Nimewaona vijana walioacha kwenda Misa kwa sababu ya barua moja ya kukataliwa. Walikuwa wamemfunga Mungu kamba moja na chuo, kikazama kimoja vikazama vyote.

Yosefu: kusubiri bila tarehe

Tuje kwa msimamizi wetu wa leo. Katika Injili zote nne Yosefu hasemi neno hata moja. Tunamjua kwa anachofanya tu. Akaamka, akatenda. Na msomaji makini ataona kwamba Mungu hakumpa Yosefu ratiba. Katika sura ya pili ya Mathayo anaambiwa amchukue Mtoto na mama yake wakimbilie Misri, wakae huko mpaka atakapoambiwa. Mpaka lini? Hakuambiwa. Hiyo ndiyo orodha ya kusubiri ya kweli: uko ugenini, una familia, na hujui jibu litakuja mwaka gani.

Alifanya nini Misri? Injili haisemi. Lakini Mtoto alitakiwa kula, kwa hiyo tunaweza kuamini kwamba asubuhi yake ya kwanza huko Yosefu alitafuta mbao.

Tazama pia mahali Injili ya leo inapoanzia: aya ya 16, mwisho wa ile orodha ndefu ya majina ambayo wengi wetu tunaipitia kwa usingizi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya tarehe 21 Novemba 2024 kuhusu kulifufua somo la historia ya Kanisa, anaikumbusha orodha hiyo. Anatuonyesha kwamba Mathayo hakuisafisha. Wamo wakosefu, kosa la Daudi kwa mke wa Uria limetajwa wazi, wamo wanawake ambao mtu mwingine angewaficha. Ni ukoo wa kweli wenye historia ya kweli, na Mwana wa Mungu hakuona haya kuzaliwa humo. Nilipoisoma barua hiyo nilikuwa naandika maombi yangu ya kwanza. Nilishukuru sana. Kutafuta majina ya waliosahauliwa, yakiwemo yale yanayotuumiza, ni kazi ambayo Injili yenyewe imeianza ukurasa wa kwanza.

Hapa Wete, ukitazama ng'ambo ya maji, unaiona Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale walichimbua hapo hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu, za karne ya 11. Karibu miaka mia tisa watu wamevua samaki na kulima jirani na hazina hiyo bila kujua. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu: kufichika si kupotea. Yosefu alifichika. Kazi yako ya sasa, ambayo hakuna anayeiona wala kuilipia, inaweza kuwa imefichika. Mbele ya Mungu haijapotea.

Basi tusubiri vipi?

Nawashirikisha mambo manne ninayojaribu kuyaishi Kwaresima hii.

*Kwanza, sali bila kufanya biashara.* Novena si hongo. Kumwambia Mtakatifu Yosefu "nitasali siku tisa, nawe hakikisha ninapokelewa" ni kumgeuza mtakatifu kuwa dalali. Sali novena ili upate nguvu ya kupokea jibu lolote, na mweleze Mungu ukweli wa moyo wako: "Bwana, naitaka nafasi hii sana." Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Kutaka si dhambi.

*Pili, iwekee simu mfungo.* Mimi naangalia barua pepe mara mbili kwa siku, baada ya masomo ya asubuhi na baada ya Rozari ya jioni. Jibu halibadiliki kwa kufungua akaunti ya maombi mara arobaini. Muda uliookoa, mpe mtu.

*Tatu, usisubiri peke yako.* Jirani yetu ni bibi mmoja wa Kiislamu ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. Mwezi huu kila jioni anatuletea sahani ya futari, leo muhogo wa nazi, kesho tambi. Juzi nilimpokea sahani mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ile barua yako ishakuja?"

"Bado, bibi. Tatu zimekuja za kukataa."

Akanitazama kidogo. "Basi miye nakuombea kila nikifuturu. Na riziki haivutwi kwa kamba. Shika sahani, muhogo unapoa."

Mimi na Bi Mkubwa hatusali namna moja, lakini dua yake naihesabu katika zawadi za Kwaresima hii. Waambie watu wa Jumuiya yako Ndogo Ndogo kwamba unasubiri. Waambie na wakikukatalia. Aibu ya kukataliwa hupungua ikigawanywa.

*Nne, okota jiwe moja kila siku.* Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini subira ya Kikristo haikai kitako. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba hivi, na mkulima wa Pemba hasimami chini yake miaka yote hiyo akitazama juu. Anapalilia na kupanda muhogo. Jiulize kila asubuhi: ni sehemu gani ya wito wangu iko wazi leo? Fundisha kipindi chako vizuri. Soma kurasa kumi. Msaidie mdogo wako hesabu. Mtembelee mgonjwa. Ukiokota jiwe kila siku, tarehe 15 Aprili itakukuta na kitu mkononi, barua iwe inasema nini.

Neno la mwisho

Huenda wiki ijayo nikapokelewa. Huenda Juma Kuu likaingia nikiwa nimekataliwa na vyote sita. Nikikataliwa nitaumia, sitajifanya sijaumia. Daudi naye, naamini, aliumia usiku ule. Lakini aya ya 18 inatuambia alikwenda akaketi mbele za Bwana. Aliketi kwanza, akasali, na baadaye ndipo akaanza kuita wachonga mawe. Mpango huo unanitosha: kuketi mbele za Bwana, kisha kazi.

Tusali

Ee Mungu Baba, wewe unamjua kila mtu kwa jina lake, hata wale ambao dunia imewasahau. Watazame vijana wako wanaosubiri majibu: ya chuo, ya kazi, ya wito, ya hospitali. Uwaondolee hofu inayokula usiku wao. Wakipokelewa, uwape unyenyekevu. Wakikataliwa, usiache mikono yao ikae bure. Umponye Baba Mtakatifu wetu. Uwabariki majirani zetu wanaofunga pamoja nasi. Kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu, aliyesubiri bila kujua siku wala saa na hakuacha kazi, tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Zoezi la wiki

1. Soma 2 Samweli 7 yote, kisha 1 Mambo ya Nyakati 22. Je, kuna "hapana" gani katika maisha yako ambayo hujaketi nayo mbele za Bwana?
2. Taja sehemu moja ya wito wako ambayo hakuna aliyeifunga. Utaanza nayo lini?
3. Mtafute kijana mmoja katika parokia au kigango chako anayesubiri jibu. Usimpe ahadi. Kaa naye, saleni fungu moja la Rozari, na mle pamoja.

Mtakatifu Yosefu, utuombee. Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.